Namna ya Kuomba Mahindi Mabovu

Ajambo, Nafula, na yeyote mwingine atakayekabidhiwa ile simu iliyopasuka kioo pembeni: msicheke nikisema nimestaafu. Nina miaka kumi na tisa, sawa. Lakini kazi hii nimeifanya tangu nilipomaliza kidato cha nne, nikingoja matokeo, kisha nikingoja chuo, na mtu akiiacha kazi baada ya kuijua vizuri, huko ndiko kustaafu. Wengine hustaafu na mvi. Mimi nimestaafu na sugu ya kidole gumba kwa kupukuchua mahindi ya watu.

Madam angewaeleza haya kwa mpangilio. Mimi mpangilio sina, na kusema mbele ya watu ndiyo kabisa. Mnanijua. Darasani nilikuwa naitikia jina langu hadi mwalimu anauliza kama Nabwire amekuja leo. Kuandika ndiko ninakoweza, kwa hiyo nimefungua shajara yangu na nachukua humo kinachowafaa, pamoja na vile ambavyo ningependa msivijue.

Kwanza, kazi ni ya nani. Madam Nekesa alitufundisha kompyuta shuleni Busia, upande wa Kenya, kompyuta sita na wanafunzi wanaokaa wawili wawili kwenye kiti kimoja. Wikendi na likizo alikuwa anasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya kompyuta. Huko kwao kuna kitu wanaita mradi binafsi. Hakuna darasa, hakuna kengele, hakuna mtihani wa kukaa. Unachagua swali lako mwenyewe, unapewa msimamizi mmoja na muhula mmoja, halafu unasimama mbele yake na kumwonyesha ulichotengeneza. Niliposikia hivyo nilidhani ni raha tupu. Kumbe maana yake ni kwamba ukikwama hakuna jirani wa kuchungulia kwake.

Swali la Madam mwanzoni lilikuwa kubwa kama Mlima Elgon. Alitaka simu iweze kutazama mihogo, maharage, karanga, mtama na mahindi, iseme kipi kimeota kuvu na kipi hakijaota. Msimamizi wake, mzee mmoja tunamwita Daktari, alimfutia mihogo. Wiki iliyofuata akamfutia maharage na karanga. Madam akarudi amenuna, amebakiwa na mahindi peke yake. "Anasema swali la mradi binafsi ni kama tonge," alituambia. "Lisiloingia mdomoni halishibishi." Likumbukeni hilo siku mtakapofika huko wenyewe.

Kwa nini mahindi? Mama yake Madam alikuwa akivusha mahindi kutoka Tororo, Uganda, kuja Busia, na zaidi ya mara moja yalirudishwa mpakani kwa sababu ya kuvu ambayo yeye mwenyewe hakuiona. Picha haiwezi kuona sumu yenyewe inayoletwa na kuvu, Madam alisema hilo tangu mwanzo na aliliandika. Ila inaweza kumwambia mama mwenye gunia, kabla hajalifunga, kwamba hapa kuna kitu, tenga.

Shule ilimpa ruhusa ya muhula mmoja. Mmoja tu. Asipofaulu katika muhula huo, anarudi darasani kwetu na masomo yake yanaishia hapo. Hilo nilijua tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana naona haya kuandika yanayofuata, lakini nitaandika.

Nianze na siku ya turubai.

Madam alikuja Merikit, kwa senge yangu, dada ya baba aliyeolewa huko zamani. Ndiko nilikokuwa nakaa kwa ajili ya kazi yangu ya kupiga picha mahindi mazuri na mabovu nyumba kwa nyumba, maana mahindi yako huko, na Madam alikuwa amepanga chumba mjini Tororo. Alikuja anatabasamu njia nzima. Programu ilikuwa imefundishwa na kujaribiwa kwa picha zangu nilizompelekea, na ilikuwa haikosei karibu kabisa. Alitaka sasa kuijaribu kwa mahindi yenyewe, mbele ya watu wenyewe.

Senge alikuwa amejiandaa. Turubai lake la buluu, la pekee, lilikuwa limeoshwa na kutandazwa, na juu yake marundo mawili: mahindi meupe upande huu, na upande ule yale yaliyooza, meusi na kijani, ya kutengenezea pombe.

"Senge, kwa nini umeweka mabovu kwenye turubai?" nilimnong'oneza.

"Mgeni wa kompyuta nimwonyeshe mahindi chini, kwa mavi ya ng'ombe? Una adabu wewe?"

Madam akaelekeza simu kwenye yale mabovu. Simu ikaandika: SAFI. Akasogea, akapiga tena. SAFI.

"Imesema nini?" Senge akauliza.

"Inasema ni safi, mama."

"Safi ya wapi? Kuku yangu yenyewe inapita hapo inafunga pua!"

Majirani walikuwa wamekuja kuona. Wakacheka. Senge, akiwa Senge, hakuishia hapo. Alichota mahindi meupe kiganjani akayamwaga chini uwanjani. "Piga hii." Madam akapiga. KUVU. Senge akavua ndala yake ya mguu wa kulia, akaiweka katikati ya turubai. "Na hii."

SAFI.

"Nyabo," Senge akamwambia Madam, kama wanavyomwita mwanamke wa heshima huko, kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa habari za msiba, "mashine yako inapenda turubai. Mahindi haioni."

Kila mtu alicheka, hata Madam, ila Madam alicheka kidogo na akanyamaza mapema. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshajua.

Ninyi mmekulia huku kwa hiyo mtaelewa haraka. Mahindi mazuri huanikwa juu ya turubai, maana ndiyo yanayokwenda sokoni. Mabovu humwagwa chini, kwenye uwanja uliopakwa kinyesi cha ng'ombe, yangoje kukaangwa kwa ajili ya pombe au waliwe na kuku. Hakuna mtu mwenye akili atakayepoteza turubai kwa mahindi yaliyooza. Kwa hiyo katika picha zangu kila zuri lilikuwa na turubai na kila bovu lilikuwa na ardhi, na programu ikashika lililo rahisi. Madam alikuwa amenifundisha mwenyewe: kompyuta ni kama mtoto aliyefungiwa chumbani, unachomwonyesha ndicho dunia yake. Basi dunia yake ilikuwa turubai na mavi ya ng'ombe.

"Ni kosa langu," Madam alisema, anajipiga kipaji cha uso. "Ningeliwaza." Halafu akafungua daftari langu, lile lenye safu za tarehe, kijiji, nyumba, na namba ya picha. "Lakini Nabwire, nyumba ishirini. Hakuna hata moja iliyoweka mabovu kwenye ungo? Kwenye gunia kuukuu?"

"Sijui, Madam," nikasema.

Huo ndio uongo pekee niliousema kwa mdomo. Mwingine wote ulikuwa wa kuandika.

Kwa sababu nyumba ishirini hazikuwapo. Za mahindi mazuri, ndiyo, nilizifikia zote, mazuri kila mtu anafurahi yapigwe picha, hata wanayapanga. Za mabovu ilikuwa nyumba moja. Uwanja ule ule wa senge, rundo lile lile, nikiligeuza kwa mguu na kulipiga tena, nageuza napiga, kisha naandika kwenye daftari: Kiyeyi, kwa fulani. Petta, kwa fulani.

Sikuanza hivyo. Siku ya kwanza nilipanda baiskeli ya senge hadi Petta, kwa Mama Owori, mjane anayelima kuliko wanaume wa kijiji chake. Nilikuta ameketi na wakwe zake. Nilikuwa nimejizoeza sentensi njia nzima, na nilipofika niliitoa yote kwa pumzi moja, bila hata kuketi.

"Shikamoo mama naomba kuona mahindi yako mabovu."

Wakwe wakatazamana.

"Wewe mtoto ya nani?" Mama Owori akauliza.

"Nimetoka kwa senge, Merikit."

"Merikit mahindi yote iko nzuri? Umekanyaga baiskeli mpaka Petta kutafuta uchafu yangu?"

"Hapana mama, ni ya kompyuta..."

"Toa kitabu yako. Andika: kwa Mama Owori mahindi mbovu hakuna. Andika nione."

Niliandika. Alisogea kuhakikisha, na wakwe wakacheka hadi mmoja akakohoa. Nilirudi Merikit nikisukuma baiskeli. Katika shajara siku hiyo kuna mstari mmoja tu: "Sitaki kuonekana na mtu yeyote tena." Kesho yake nikaligundua rundo la senge.

Kuonyesha mahindi yaliyooza ni kusema hukuanika kwa wakati, huna ghala la maana, wewe ni mvivu. Mimi nilikuwa naingia kwa watu na kuwaambia, habari za asubuhi, nionyeshe uvivu wako, niupige picha. Na bado nilishangaa kufukuzwa.

Basi baada ya siku ya turubai Madam alijifungia chumbani kwake Tororo. Nilikuwa nikimpelekea chakula cha mchana kutoka kwa Senge, nikamkuta anakata picha moja moja, anatoa ardhi, anatoa turubai, anabakiza punje tu. Siku mbili. Akaifundisha programu upya. Nikamletea mahindi ya sokoni, yaliyooza kwa namna nyingine, yenye kuvu ya waridi. SAFI. Yenye vumbi la njano. SAFI. Kuvu iliyoijua ni moja tu, ya kijani na nyeusi, ya ghala la Senge.

Madam hakunishuku hata kidogo. Hapo ndipo paliponiuma. Alijishuku yeye. Alivunja programu yake akaijenga tena, akabadilisha hiki na kile, macho mekundu, nywele hajasuka. Mchana mmoja nilimkuta amelala kichwa juu ya meza, laptopu wazi, na barua kwa Daktari iko kwenye kioo. Sikuwa na haki ya kuisoma. Niliisoma. Ilisema: naomba kujiondoa kwenye mradi, nimegundua sina uwezo wa kazi hii.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu muhula wake uishe.

Nilisimama pale na bakuli la wali na maharage mkononi. Kwenye meza kulikuwa na daftari langu na kalamu yake nyekundu ya kusahihishia. Nikaweka bakuli chini, nikachukua kalamu, nikaanza kufuta mistari ya mabovu. Mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Kalamu ilikwaruza, akaamka.

"Nabwire? Unafanya nini?"

"Hapa sikufika," nikasema, nikafuta mstari. "Hapa pia sikufika."

Akanyanyuka. "Unasema nini?"

"Hapa sikufika. Hapa sikufika."

"Ulifika wapi?"

"Kwa senge."

"Na wapi tena?"

"Kwa mabovu ni kwa senge tu, Madam."

Alilichukua daftari akalitazama, kurasa za mabovu zote nyekundu. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Siku tisa," akasema. "Siku tisa nimekaa hapa nikitafuta kosa langu."

Kisha: "Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita."

Hakuita. Kesho yake hakuita, kesho kutwa hakuita. Barua sikujua kama ameituma.

Nilimweleza Senge nikiwa nalia. Msitegemee senge wa Merikit awabembeleze. "Machozi inapukuchua mahindi?" aliniuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, habari za Mama Owori na wakwe na yote, kisha akatikisa kichwa. "Wewe ulienda kumwambia mtu avue nguo, na wewe umevaa koti. Nani atavua?" Akaingia jikoni akatoka na kopo kuukuu la samli, akaenda kwenye lile rundo letu, akachota mabovu mpaka kopo likajaa. "Beba yetu. Onyesha yetu kwanza."

Ajambo, Nafula, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, ya simu mtajifunza kwa saa moja.

Nilirudi Petta. Safari hii niliketi. Mama Owori alikuwa anapukuchua, nami nikachukua hindi moja nikapukuchua, hakunikataza wala hakunisemesha. Tukamaliza ungo mmoja. Ndipo nikafungua kopo nikaliweka katikati yetu.

Alivuta pua nyuma. "Hii ni ya nani?"

"Yetu. Ya senge."

"Senge yako anaweka hii kwa nyumba? Na watu wanalala humo?"

"Wanalala, mama."

Akacheka, kicheko cha kutoka tumboni. Akachambua punje kwa kidole, akachagua moja, akaitupa. "Hii bado mtoto," akasema. "Ngoja uone mama yake." Akaenda nyuma ya ghala na kurudi na ungo umefunikwa kwa gunia, na alipolifunua nilitamani Madam awepo: waridi, njano, kijivu, nyeupe kama pamba. "Mvua ilikuta hii kwa shamba. Mimi nilikuwa kwa matanga ya ndugu yangu, siku nne. Nani angevuna?"

Nikatoa simu. Uso wake ukabadilika.

"Hiyo picha inakwenda kwa watu ya mpaka?"

"Hapana mama. Inakwenda kwa mwalimu wangu. Jina lako haliingii, inaingia namba."

"Namba gani?"

"Wewe ni namba moja."

Hilo lilimpendeza. "Sawa. Lakini ikikwenda mpakani, mimi najua senge yako analala wapi."

Nilipiga kwenye ungo wake. Nikapiga chini. Nikatandaza turubai la senge nililolifunga nyuma ya baiskeli, nikapiga hapo pia, na mahindi yake mazuri nikayapiga vivyo hivyo, kote kote. Mama Owori alidhani nimepungukiwa akili lakini alishika pembe ya turubai lisipeperuke. Nilipoondoka akaniambia niende kwa jirani yake wa bondeni, "yeye iko nayo nyingi kunishinda, anaficha tu. Mwambie mimi nimesema." Tangu hapo kila nyumba ilinitaja kwa nyumba nyingine. Watu hawapendi kuwa wabovu peke yao.

Niliandika kila kitu kama kilivyokuwa. Siku ya nne nikatuma picha zote kwa Madam pamoja na orodha ya nyumba, na kwa mara ya kwanza nikaongeza kwenye daftari safu mpya: sababu. Matanga. Malaria. Turubai liliazimwa halikurudi. Mvua isiyo na msimu. Jibu la Madam lilikuja baada ya muda mrefu, na halikuwa na salamu.

"Kila rundo lipige asubuhi na mchana pia. Mwanga wako ni wa aina moja."

Nililisoma mara nyingi. Hakusema amenisamehe, na mpaka leo hajasema. Lakini huwezi kumpa maagizo mtu uliyemfukuza.

Siku mbili baadaye alikuja mwenyewe kwa bodaboda, amevaa viatu vya mpira, na tukaanza kuzunguka wawili. Kiyeyi tulitembea kwa mguu kwa sababu njia ilikuwa tope. Yeye ndiye aliyekuwa anasema sana na mimi ndiye niliyekuwa nafungua kopo. Aliponiona nalifungua mara ya kwanza, mbele ya mzee mmoja aliyekuwa ameshaanza kutufukuza, na mzee akainama kunusa na kusema "kumbe na nyinyi!", Madam alinitazama tu. Jioni ile kwenye ripoti yake aliongeza sehemu nzima, na kichwa chake kilikuwa: Jinsi picha zilivyopatikana. Kabla ya hapo sehemu hiyo ilikuwa mstari mmoja.

Mambo machache ya mikono, kabla sijasahau. Kivuli chako kisiingie kwenye picha, simama jua likiwa usoni hata kama linachoma. Simu ikipata moto iweke kwenye kivuli cha mtungi. Nje ya mtungi. Mimi niliiweka ndani mara moja, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki niliouamini, na ndiyo sababu spika yake inaongea kama chura. Usiyachague mahindi yapendeze, yapige na mawe yake na panya wake. Ukipewa chai kunywa, hata kama ni ya sita. Na usiandike jina la nyumba ambayo hukufika. Usiandike hata kama umebakisha hatua kumi na mvua inanyesha.

Onyesho. Daktari alikataa kulifanyia ofisini. Alisema mahindi hayapo ofisini, akaja Tororo mwenyewe, mzee mwembamba mwenye fimbo na kofia ya sufu katika joto lile. Tulimpangia chumba cha mikutano cha kanisa. Alitoka kwanza peke yake kwenda sokoni, akarudi na vifuko kumi vya mahindi ambavyo hakuna kati yetu aliyewahi kuviona, akavimwaga juu ya meza, kwenye benchi, kimoja juu ya gazeti, kimoja ndani ya kofia yake.

Madam aliviendea kimoja kimoja. Sikuweza kutazama, nilitazama viatu vyake. Saba simu ilipatia. Vitatu ilikosea, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa na kuvu inayoonekana hata kwa kipofu.

Daktari alirudisha kofia yake kichwani ikiwa bado na punje. Akafungua ripoti mbili, ya mwanzo na ya sasa, akaziweka sambamba.

"Mwezi uliopita uliniandikia kwamba haikosei karibu kabisa," alisema. "Leo imekosea vitatu kati ya kumi. Mwanafunzi huniletea kazi inayopanda. Wewe umeniletea inayoshuka. Niipitishe kwa nini?"

"Kwa sababu hii imeona mahindi, Daktari."

"Na ile ya kwanza iliona nini?"

Madam alifungua mdomo. Nilijua atakachosema, alikuwa ameshakisema kwa simu nikisikia: kwamba mradi ni wake na kosa ni lake, hakusimamia vizuri ukusanyaji. Ni kweli pia. Lakini jibu la swali lile halikuwa lake.

Nilisimama. Kiti kilianguka nyuma yangu kikapiga kelele, kwa hiyo hata kama ningetaka kuketi hapakuwa na pa kuketi.

"Iliona uwanja wa senge yangu," nikasema. "Nyumba ya mabovu ilikuwa moja. Niliandika ishirini. Ni mimi."

Daktari akageuka polepole. "Sema kwa nguvu, mama."

Ananiita mama. Nikasema tena, kwa nguvu, hadi mfagiaji wa kanisa akachungulia dirishani.

"Na sasa ni ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Umefika zote?"

"Zote. Nitaje?"

"Usitaje." Akafunua kurasa. "Waliokataa ni wangapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilihesabu kichwani, nikiwaona mmoja mmoja milangoni mwao. "Kumi na moja."

"Wako wapi kwenye ripoti?"

Madam na mimi tukatazamana. Hawakuwapo.

"Mtu anayekataa kukuonyesha mahindi yake anaweza kuwa ndiye mwenye kuvu ambayo mashine haijaiona," alisema Daktari. "Mmenionyesha mahindi ya watu wanaopenda kuonyesha. Hawa kumi na moja waandikwe, hata kama ni mistari kumi na moja mitupu." Akachukua kalamu. "Kama mradi binafsi, umepita. Si kwa alama ya kujivunia. Tasnifu utaiandika juu ya hawa hawa, na msimu ujao wa mavuno mtarudi kwao."

Madam aliketi kwenye benchi, juu ya rundo la mahindi namba sita, na hakujali.

Msimu huo ukaja na nikarudi kwao. Wanane kati ya kumi na moja walinifungulia, wengine baada ya wiki moja, mmoja baada ya miezi miwili. Wamebaki watatu, na hao nawaachia ninyi kwa sababu chuo kinafunguliwa na Madam hawezi kuwafikia peke yake akifundisha. Wa kwanza yuko Merikit, nyumba ya bati jekundu. Yeye hachukii, ana haya kama yangu, kwa hiyo Nafula aende bila Ajambo. Wa pili yuko Kiyeyi na anataka kwanza aongee na Madam mwenyewe, ana haki. Wa tatu ni kaka yake Mama Owori, Petta, juu ya kilima, na mahindi yake nimeyanusa kutoka barabarani. Huyo hapokei kopo, hapokei salamu za dada yake, na ana maneno makali. Nimefika mlangoni kwake mara nne. Ya tano ni yenu.